Mafuta Yalikuwa Yametulia

Kazi yangu ni kuchunguza nyufa za ardhi zilizo hai. Nikisema hivyo Kariakoo watu wanacheka, maana ufa wanaoujua wao ni wa ukuta, na wa ukuta anaitwa fundi, basi. Nawaeleza kwamba chini kabisa miamba imekatika, pande mbili zinasukumana miaka na miaka, zinakwama, na siku zikiachia ndipo nyumba zinapotikisika. Sisi tunatafuta ufa upi umekufa na upi bado unasogea, ili anayejenga ajue anajenga juu ya nini. Tunachimba handaki kuukatisha ufa, tunashuka humo na visu na brashi, tunasoma matabaka ya udongo yalivyokatika na kuhama. Kuna mwaka nilipiga magoti shimoni karibu kiangazi kizima. Mama yangu akawa anawaambia wateja wake, "Huyu wangu nimemsomesha mpaka amekuwa mchimba kaburi. Tofauti yake tu, hana maiti."

Mama alikuwa anakaanga samaki. Alikuja Dar kutoka Kusini akiwa bibi harusi, na baba alipofariki alibaki na mimi, karai moja, na vyumba viwili ghorofa ya kwanza kwenye jengo la zamani Mchafukoge. Alfajiri yuko soko la samaki la Feri anagombana na wachuuzi. Saa nne karai liko motoni kwenye ua wa nyuma. Mchana ana meza yake upande wa Msimbazi, na aliyechelewa anaambiwa akale chipsi.

Chini yetu, nyuma ya duka lao la vifaa vya ujenzi, iliishi familia ya Kihindu isiyogusa nyama wala samaki. Mama wa nyumba ile tulimwita mama wa chini, naye alimwita mama yangu mama wa juu. Alilalamikia harufu ya samaki tangu mimi sijaanza shule. "Mama wa juu, leo umetuua!" anapaza sauti dirishani. "Bado mnapumua, kesho nawamalizia," mama anajibu bila kugeuka. Jioni hao hao wamekaa ngazi moja, mmoja anamenya njegere, mwingine ananyoosha miguu, wanalisengenya jengo zima kuanzia mlango wa kwanza.

Sasa katika kazi yetu mashine peke yake haitoshi. Vituo vya kurekodi mitetemo ni vichache, na mjini havifai kabisa. Kariakoo hailali: malori ya makontena, mabasi ya mwendokasi, jenereta, mikokoteni, mashine za kukata mabati. Ukiweka kipima tetemeko pale, mstari wake unatapatapa kutwa kucha. Kwa hiyo chetu kiko nje ya mji, kwenye kijumba kilichojengwa juu ya mwamba, na tetemeko likipita tunazunguka mitaani na dodoso kuwauliza watu. Ulikuwa umesimama au umelala? Vyombo viligongana? Maji kwenye ndoo yalicheza? Wa karibu yako nao walisikia? Swali la maji ndilo nililolipenda kuliko yote. Mtu anaweza kudanganywa na woga wake, lakini maji hayaogopi.

Siku lilipotokea tetemeko la baharini, lile lililowashusha watu kwenye maghorofa wengine bila viatu, nilianzia dodoso langu nyumbani. Niseme ukweli, nilimwanzia mama ili nifanye mazoezi. Loh! Alinijibu kuliko mainjinia. Aliniambia mafuta ya karai yalipanda ukingo wa upande wa barabara kwanza, kisha yakarudi upande wa ngazi, mara nne, halafu yakatulia. Aliniambia saa, kwa sababu alikuwa anamsubiri mteja. Mama wa chini akaongeza kwamba kengele ndogo inayoning'inia kwenye rafu yake ya ibada ililia yenyewe, naye akadhani mungu wake kamwita. Nilirudi ofisini nikiwa nimevimba kichwa. Mwelekeo wa mtikisiko, kutoka kwenye karai la mama yangu!

Hapo ndipo nilipomwajiri. "Mama, kuanzia leo wewe ni kituo changu. Ukisikia kitu, angalia mafuta. Angalia saa. Uliza chini kama kengele imelia. Halafu nipigie, hata kama unadhani si kitu. Kisicho kitu nitakitupa mwenyewe."

Akaenda dukani kwa mama wa chini akanunua saa ya ukutani, akaipigilia msumari uani juu ya jiko. Wateja wakaambiwa huyu si mkaanga samaki tena, huyu ni mtaalamu, na kichwa cha samaki changu hakipunguzwi bei.

Miezi ikapita. Simu ya kwanza ilinikuta bara, ndani ya handaki, udongo mpaka kwenye kope.

"Mwanangu, imepita. Saa tano na dakika kumi na mbili."

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba, marahaba. Ardhi imekwenda hivi, kama mtu kavuta mkeka niliosimamia."

"Mafuta?"

"Mafuta yametulia."

"Kengele?"

"Mwenzangu anasema haikulia."

Nikaandika kwenye daftari langu la kazini: siku, saa, mkeka, mafuta tuli, kengele kimya. Nikampigia mwenzangu aliyeko kituoni atazame mstari. Mstari ulikuwa safi. Nikamwambia mama hakuna kitu, litakuwa lori. "Haya," akasema, na nilisikia alivyovunjika moyo.

Niseme hapa hapa, nisije nikaonekana naficha. Mama yangu alikuwa anaumwa. Kilichokuwa kinatikisika ni yeye. Nami, mtu niliyesomea kutambua dalili ndogo za jambo kubwa lijalo, nilizipokea dalili zake moja baada ya nyingine, nikaziandika kwa mwandiko mzuri, nikazilinganisha na mashine, nikazifuta.

Alipiga tena, na tena. Mara ya tatu kikombe kilimponyoka mkononi, nikaandika "kikombe". Mara ya nne alisema imetikisika upande mmoja, wa kushoto, na mdomo umekuwa mzito kama ametoka kung'olewa jino. Nikacheka. "Mama, ardhi haitikisi mtu upande mmoja." Yeye naye akacheka, kwa kunipendeza. Kesho yake niliwasimulia wenzangu wakati wa chai, wakalipa karai jina la kituo, na kila nikirudi safari wananiuliza, "Vipi, Kituo cha Karai kinasemaje?" Nami nilicheka nao. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile natamani nijizabe kofi.

Watu wananiambia usijilaumu, hukuwa daktari. Sikuwa daktari, sawa, lakini kusoma taarifa ndiyo kazi yangu, na taarifa yake ilikuwa kamili. Mafuta yametulia, kengele kimya, mashine kimya, majirani wote wanaendelea na shughuli zao. Pale uani kilichoyumba kilikuwa kimoja tu, na kila safari kilinipigia simu chenyewe. Nilichokifanya mimi ni kuandika "hakuna" na kugeuza ukurasa. Mtu mwingine yeyote Kariakoo, muuza nyanya asiyejua ufa wala nini, angeambiwa na mama yake "ardhi imevutika chini yangu", angesema mama umepata kizunguzungu, twende hospitali. Ilihitajika elimu yangu yote ili nikosee vile.

Simu ya mwisho nilikuwa kikaoni. Tulikuwa tunawaeleza watu wa ujenzi kuhusu ramani ya hatari, wapi pajengwe vipi, na mzee mmoja wa makandarasi alikuwa amenibishia mpaka damu imenichemka. Simu ikatetemeka mezani. Mama. Nikaikata. Ikatetemeka tena, nikakata. Ya tatu nikatoka nayo koridoni, na hasira niliyoshindwa kumtolea yule mkandarasi nikamtolea yeye.

"Mama, umezeeka sasa, unasikia vitu visivyokuwepo. Usinipigie tena mpaka mafuta yamwagike!"

Nilisikia samaki wanachemka kwenye karai nyuma yake.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Nimekupotezea wakati."

Mama kumwomba radhi mtoto. Kwetu hilo ni jambo zito, na mimi sikulitengua. Ningesema "hapana mama, mimi ndiye nisamehe," neno dogo tu. Nilisema, "Haya, tutaongea," nikarudi kikaoni kuendelea kuwaeleza watu umuhimu wa kusikiliza maonyo.

Hakunipigia tena. Nilikuwa naenda kumwona Jumapili, kila Jumapili ninapokuwa mjini, sitaki nionekane nilimtupa. Nilimkuta anakaanga akiwa amekaa kwenye kigoda, yeye aliyekuwa anasema mkaanga samaki akikaa samaki wanajua. "Miguu tu," aliniambia. Alipopanda ngazi alishika ukuta. Nikamuuliza, "Mzima lakini?" Akasema mzima. Sisi hata kama roho iko kooni tunasema wazima, halafu ndipo tunasema kidogo kidogo kinachotuuma, na yeye yale ya kidogo kidogo nilishamkataza.

Jumapili moja mama wa chini alinivizia kwenye ngazi. Alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa analifanya.

"Mama yako siku hizi hajibu nikimtukana," akasema.

"Eti?"

"Juzi nimesema, mama wa juu, umetuua. Kanyamaza. Jana nimesema tena. Ananiangalia tu, kama ananitafuta. Mpeleke hospitali."

"Nitampeleka nikirudi."

"Unakwenda wapi?"

Nilikuwa naenda kwenye handaki. Tulikuwa tumelifungua, ukuta wake ulikuwa mzuri, tabaka zinaonekana kama keki iliyokatwa, na mawingu yalikuwa yanakuja. Mvua ikinyesha kwenye handaki lililo wazi kuta zinaporomoka, kazi ya miezi inakuwa tope. Nilimweleza mama wa chini hayo yote pale ngazini, kirefu, nikimhesabia siku. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi nenda na mashimo yako," akasema, akaniachia mkono.

Niliposhuka nilipita uani kumuaga mama. Alinifungia samaki wawili kwenye gazeti. Alinifungia kwa mkono mmoja wa kulia, gazeti likifunguka anarudia, nami nilikuwa natazama saa.

Siku ya tano simu iliita, jina ni lake. Nitasema nilichohisi, kwa sababu nimeahidi kutoficha: nilikereka. Nikajisemea, ameanza tena. Nikapokea, na sauti ikawa ya mama wa chini.

Mama alikuwa ameanguka uani. Mungu alimnusuru na mafuta, aliangukia upande wa ngazi. Mama wa chini alisikia kishindo, akatoka, akamkuta mdomo umepinda. Moto ulikuwa mkali, na karai likiachwa vile lingeunguza jengo. Yule mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kugusa samaki, ambaye alikuwa akipita uani kashika ushungi puani, aliliepua karai na samaki wake humo humo, akaumwagia moto ndoo ya mchanga, ndipo akakaa chini akampakata mama kichwa mpaka gari lilipopatikana. Aliungua vidole viwili. Nilipofika siku ya pili nguo zake bado zilikuwa zinanuka samaki. Nikamwambia akapumzike, akabadilishe. "Nitabadilisha," akasema, lakini hakuondoka.

Daktari alikuwa kijana, mpole, kalamu nyuma ya sikio. Aliniuliza kama presha ya mama ilikuwa ikipimwa. Nyufa zilizohama kabla binadamu hajaanza kujenga nyumba nimezipima kwa rula, presha ya mama yangu sikuwahi kuiuliza.

"Kabla ya hapa, kuna dalili yoyote mliiona? Kizunguzungu, ganzi, kuangusha vitu?"

Nikatoa daftari kwenye begi. Nilimfungulia ukurasa wa kwanza, nikamwonyesha mstari, nikageuza, nikamwonyesha mwingine. Siku, saa, dakika. Mkeka. Kikombe. Upande wa kushoto, mdomo mzito. Aliusoma kila mstari kwa kidole.

Halafu mama wa chini akafungua mfuko aliowekea nguo za mama, akatoa kalenda. Ilikuwa kalenda ya duka lao, ile wanayowagawia wateja mwisho wa mwaka. "Hii ilikuwa ukutani jikoni kwake," akasema. "Niliona anaandika andika, nikadhani ya samaki." Ilikuwa na alama za penseli, na pembeni ya kila alama saa, kwa mwandiko wa mama, herufi kubwa kubwa za mtu aliyeishia darasa la nne. Zilianza siku mbili baada ya mimi kumkataza kupiga simu. Nilihesabu kumi na moja. Kwenye kila moja alikuwa ameandika neno lile lile: METULIA. Alikuwa ameendelea kuyaangalia mafuta.

"Hivi vilikuwa viharusi vidogo vidogo," daktari akasema. "Vinakuja, vinapita baada ya dakika chache, mtu anarudi sawa. Ni onyo. Mara nyingi tukimpata mgonjwa hapo, dawa..." Akajikatiza, akaangalia tena daftari. "Lakini hii ni historia nzuri sana. Ni nadra kumpata ndugu aliyeandika mpaka dakika. Kaandika nani?"

"Mimi," nikasema.

"Hongera," akasema. Alikuwa na nia njema tu, masikini, na mimi nilitamani kumrukia shingoni.

Mama aliishi siku tisa. Upande wa kushoto ulikuwa umekufa, lakini maneno yalianza kumrudia, mazito, yanaburuta. Siku ya tatu alimtambua mama wa chini, akamnusa, akasema kitu ambacho sisi wote tulikielewa kuwa ni "samaki", na mama wa chini akacheka na kulia kwa pamoja. Siku ya nne nilimwambia, "Mama, nisamehe." Akanitazama, akauliza, "Umefanya nini?" Sikujua kama amesahau au ananistiri. Nikasema basi, mama. Sikuwa na ubavu wa kumweleza nilichofanya, wakati yeye ndiye aliyekuwa amelala pale.

Siku ya nane, saa ya jioni ya kuona wagonjwa, wodi ilikuwa imejaa. Watu na vibakuli vya uji, watu na Kurani, watu na chupa za maji. Nilikuwa nimeushika mkono wake wa kulia. Ghafla aliubana wangu kwa nguvu, macho yakamtoka, akaitazama dari.

"Inapita," akasema.

Hakikuwa kinapita kitu. Chupa ya maji ilikuwa kwenye kabati karibu na kichwa chake, imejaa nusu, na maji yake yalikuwa kimya kabisa. Niliyaangalia, ndiyo, hata pale niliyaangalia. Maisha yangu yote ya kazi sijawahi kuandika mtikisiko ambao haukuwepo, na wanaonijua wanajua nilivyogombana na watu kwa jambo hilo.

"Umeisikia?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuambiwa hapana.

"Nimeisikia, mama. Kubwa hiyo."

"Kweli?"

"Wallahi. Mji mzima umesikia."

Mkono ukalegea kidogo. Uso ulimtulia, ule upande uliokuwa bado wake.

"Watu wametoka?"

"Wametoka wote. Kariakoo yote iko nje."

Akafikiri. Maneno yalikuwa yanamgharimu, nikamsubiri.

"Na wewe mbona hujatoka?"

"Nakusubiri wewe."

Akanikunjia uso, kama anavyomkunjia mteja anayeshika shika samaki bila kununua. "Acha ujinga," akasema. "Tangulia. Mimi nakuja."

Muuguzi alikuwa anapita kitanda kwa kitanda akitangaza kwamba muda umekwisha, ndugu wa wagonjwa tafadhali tokeni. Nilimfuta mdomo, nikamvuta khanga mpaka kifuani. Nikatoka na watu wengine, tukashuka ngazi mpaka nje. Alfajiri walinipigia simu.